Chumvi, Mahindi, Pilipili

Siku tulipomzika mzee Abundio, mpiga tarumbeta,
matoazi yangu yalilia kabla ya zamu yangu.
Nusu ya pigo tu. Chini ya nusu.
Kijiji kizima kiligeuka,
hata mjane, pembe ya shela ikiwa mdomoni,
hata, nahisi, jeneza.

Mwalimu Zenaida hakunigombeza.
Ana miaka ishirini na mitatu, mimi hamsini na mmoja.
Aliyafungia matoazi kabatini,
akanikalisha kwenye benchi la watoto
kando ya Nereida wa klarineti, mwenye pengo la meno mawili.
Haraka haraka, husemwa, haina baraka.
Yangu ilinyimwa na shaba pia.

"Mguu ndio saa," alisema. "Mguu usiuguse.
Mikono ndiyo itakayougawa."
Tukaanza. Mguu chini: chumvi.
Chu sakafuni, mvi hewani.
Kisha mguu uleule, mwendo uleule,
ma-hi-ndi, ma-hi-ndi,
tatu ndani ya tundu la moja,
nami nikateleza, nikaufukuza mguu kama kuku.
Pi-li-pi-li. Hapo nilitokwa jasho.
Nereida alicheka hadi akapaliwa.

Mimi ni seremala.
Ubao naupima mara mbili, naukata mara moja,
na katika milima hii ya Oaxaca, mvua ikija,
milango ya wengine huvimba, yangu hufunguka.
Sikujua kwamba muda nao hukatwa,
na kwamba huwezi kuukata katikati
kabla hujaona katikati ilipo.
Miaka thelathini nilikata kwa kukisia.

Usiku ukungu ulipopanda kutoka bondeni
nilikaa jikoni na saa ya ukutani,
vidole mezani.
Sekunde: chumvi.
Sekunde: mahindi.
Hermelinda, mke wangu, akikanda unga,
alisema bila kugeuka, "Ile ya tatu umeimeza."
Kweli. Ndi ilikuwa fupi,
kama mguu wa kiti cha fundi mlevi.
Nikaurudia usiku huo, na uliofuata,
na mwingine ambao sikupata chochote, nikalala na hasira.

Halafu, sijui lini, kimya kikaota vyumba.
Zamani, vipimo kumi na kimoja vya kungoja
vilikuwa uwanja mtupu, nami katikati yake
nikishtuka kwa kila kivuli.
Sasa natembea humo. Chumvi, chumvi,
najua kitasa kiko wapi gizani.

Sikukuu ya mtakatifu wetu, Julai,
mawingu yakinyemelea mnara wa kanisa,
Zenaida alinirudishia matoazi bila neno.
Nilingoja. Mguu. Mguu.
Pi-li-pi-li,
na baada ya li ya mwisho, shaba.

Mwanamke mmoja aliendelea kumenya chungwa.
Mbwa chini ya meza ya tamale hakuinua sikio.
Nereida alikuwa anafunua ukurasa.
Hakuna aliyegeuka.