Msumari wa Tatu

Zamu yangu huanza saa mbili usiku, duka la dawa, Chang'ombe,
nyuma ya nondo za dirisha.
Wateja wa usiku ni wachache na wana haraka:
panadoli, chumvichumvi ya mtoto, kitu cha jino.
Wakishaondoka vumbi hurudi kukaa kizingitini,
nami nafungua kompyuta yenye bawaba iliyovunjika,
naingia stesheni.

Ni gemu ya Ndahani, yule wa Nkuhungu,
niliyekaa naye dawati moja kidato cha pili.
Aliichora miaka minne, peke yake, kwa rangi za maji,
akizipiga picha karatasi zake kwa simu.
Sauti zote ni za mama yake mdogo, Nyendo,
hata ya stesheni masta, hata ya mbuzi.
Aliniuzia kwenye flashi, elfu tano, akasema:
"Usikimbie. Humo hakuna anayekufa."

Na kweli hafi mtu. Hakuna bunduki, hakuna saa ya kukuhimiza.
Kuna chumba, taa ya chemli, kabati la funguo,
jogoo kalala juu ya kabati,
na treni ya Kintinku isiyoondoka
mpaka stesheni masta aamke.
Unasogeza mshale. Unabofya.
Kila kitu kimewekewa neno lake.

Benchi: "Limekaliwa sana. Liache lipumzike."
Mtungi: "Maji ya juzi. Kunywa kwa hiari yako."
Mlango: "Umefungwa. Ulitegemea nini?"
Nikajaribu kuunganisha mkate na waya.
"Dada, hao wawili hawajatambulishwa."
Nilicheka peke yangu
mpaka mlinzi wa ng'ambo akanimulika tochi.

Mchana nabofya visivyojibu.
Mara sita nimeulizia hati ya kiwanja cha Nzuguni:
dirisha la tatu linasema la tano,
la tano linasema Alhamisi.
Huko hakuna hata wa kukuambia
kwamba mlango umefungwa.

Siku tatu nilikwama kwa yule jogoo.
Nikampa mtama. Nikampigia filimbi. Nikamwonyesha kipande cha kioo.
"Amelala. Wewe hulali?"
Ningeweza kumpigia Ndahani simu. Sikumpigia.
Kukwama nako kuna utamu wake:
unatembea nako soko la Majengo, unachagua nyanya,
kichwani una jogoo.

Jumanne umeme ulikatika saa nne.
Ukarudi saa nane na dakika kumi,
taa za mtaa mzima kwa mpigo mmoja,
na jogoo wa Mama Chilewa, mjinga yule,
akawika.

Nikasimama na koti langu jeupe, mkono kifuani.
Mwanga. Si mtama, mwanga!
Nikaegemeza kioo kwenye chemli, nikapandisha utambi.
Jogoo akafumbua jicho moja.
Stesheni masta akaruka, "Kumekucha!", kofia kaivaa kinyume,
treni ikapiga honi,
na dirishani kwangu palikuwa na mzee anaumwa sikio,
ananiuliza, binti, mbona unalia?

Sijaondoka na treni. Inanisubiri, inatoa moshi wake wa rangi za maji.
Nimerudi chumba kile
kwa sababu ukutani kuna misumari mitatu isiyobeba kitu.
Wa kwanza: "Msumari."
Wa pili: "Msumari mwingine."
Wa tatu nimeubofya, nikaubofya tena, sijui mara ngapi,
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani
akijua kabisa yumo ndani.
"Msumari." "Msumari." "Nimeshasema."
Halafu kimya.
Halafu, saa kumi alfajiri, sauti ya Nyendo,
chini chini, kama ya mtu aliyeketi karibu:

"Bado upo? Nilijua atakuja mmoja.
Haya, tundika koti lako hapa."