Yupo, Yuko, Yumo

Jalada lilitua mezani kwangu Jumatatu,
masjala ya mahakama, New London,
chini ya dirisha linalovuja theluji ikiyeyuka.
Benki dhidi ya Crisanto Abalos.
Nyumba namba arobaini na moja, Mtaa wa Tannery, Groton.
Miezi mitano hajalipa. Kaitwa, hakuitika.
Na mkiani mwa hati, kiapo cha wakili,
sentensi kavu:
"Mdaiwa hayumo jeshini."

Hayumo.

Miaka ishirini na miwili nagonga mihuri,
nimezoea "talaka", nimezoea "mufilisi",
kumbe kijineno cha silabi tatu
chaweza kuifungua nyumba ya mtu
kama kopo la samaki.

Septemba alisimama hapa, upande ule wa kioo,
kifuani pomboo wawili wa fedha,
akalipa faini ya kuegesha gari, dola thelathini na tano,
tano za mwisho kwa sarafu.
"Nazama Alhamisi, mama," alisema,
"sitaki kuzama na deni."
Nilicheka. Nikamkatia risiti.

Saa ya chakula nikavuka daraja.
Ngazi za nyumba zimepaliliwa theluji hadi jiwe,
sanduku la barua linatapika bahasha,
nyekundu juu ya nyeupe.
Ermelinda Furtado, jirani, kaegemea koleo lake.
"Hayupo," aliniambia.
Yuko wapi?
Hakunyoosha kidole mtoni wala baharini.
Alikielekeza chini, kwenye lami,
kana kwamba maji yanapita chini ya kila kitu.
"Yumo."

(Baadaye ilijulikana: mkopo ulikuwa umeuzwa,
na fedha zake, kila tarehe mosi,
ziliendelea kubisha hodi benki ya zamani.)

Karani hana ushauri, ana muhuri.
Lakini muhuri unaweza kukawia.
Nikalitafuta jina lake katika orodha ya wanajeshi,
nikalibana jibu juu ya kile kiapo,
nikampelekea Jaji Pruitt bila neno.
Alisoma mara mbili. Akavua miwani.
Sheria yasema asihukumiwe aliye mbali kwa utumishi
kabla hajapatikana wa kumsemea.
Wahenga walinena: asiyekuwepo na lake halipo.
Asubuhi ile, kwa dakika sita,
mahakama iliwabishia wahenga.

Sisemi imekwisha. Imesimamishwa siku tisini.
Benki haina usingizi, na hesabu inazijua.
Naye hana habari: analala kwa zamu
kwenye kitanda chenye joto la mwenzake,
juu yake chuma, juu ya chuma maji,
juu ya maji sijui nini.

Usiku theluji ikaanguka tena.
Ermelinda atarudi na koleo.
Mimi nilikifungua kitabu cha Septemba,
nikapekua mpaka nikaiona nakala ya risiti,
mwandiko wangu mwenyewe:
Salio, sifuri.