Utitiri

Agosti, na jogoo hawiki.
Amekaa juu ya ukuta wa mawe kama mdaiwa,
undu wake umepauka rangi ya chaki.
Na kuku wangu watano, niliowapa majina
ya wateja wasionilipa mishono yao
(Gracinda, Felismina, Hortênsia, Odete, na Odete wa pili, bintiye),
jua likizama nyuma ya vilima hivi vya Ureno kaskazini
wanagoma kuingia bandani.
Wanauparamia mtini, wananitazama kwa jicho moja moja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Haya.
Mimi ni fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja,
nguo ndiyo kazi yangu.
Nikamkamata Felismina mchana kweupe, nikampindua,
nikafunua manyoya chini ya mkia
kama anayefumua pindo la gauni la harusi:
hakuna chawa, hakuna mayai yao yaliyogandia mashinani,
ngozi safi, nyeupe. Nyeupe mno.
Hapo ndipo ningeshtuka.

Saa tano usiku nikarudi, tochi mdomoni,
na kipande cheupe kilichobaki cha shela ya mtu.
Nikakipitisha chini ya ufito wanaolalia.
Kikatoka na michirizi myekundu.
Damu ya Felismina, ikitembea.

Basi si nguoni. Ni kitandani.
Mchana wamejibana nyufani, kwenye ncha za fito,
kijivu kama vumbi, wenye njaa na subira;
usiku wanapanda, wanakunywa, wanashuka.
Chovya chovya humaliza buyu la asali,
na buyu langu lina mabawa, halijui kushtaki.

Asubuhi ukaja utitiri wa pili: wa ushauri.
Bernardino akaleta dumu la dizeli ya trekta,
"dawa ya moto ni moto," akasema, akitafuta kiberiti cha sigara.
Shemeji akaleta chupa isiyo na lebo, dawa ya ng'ombe,
matone mawili shingoni, hata kupe hulia.
Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha kuifungua.
Ilinuka kama karakana iliyofungwa tangu vita.
Ndipo Valdemar, mjukuu wangu, akapita na yai,
bado lina joto, amelibandika shavuni.

Nikaifunga chupa.

Daktari Leocádia hakunicheka. Aliuliza:
wana uzito gani? Mayai anakula nani?
Nikawapima jikoni, mmoja mmoja, ndani ya foronya.
Akaandika dawa ya kuku, ya kuku hasa,
kiasi, siku, na siku ambazo mayai hayaliwi.
"Isome karatasi, Deolinda, kama unavyosoma vipimo.
Kosea nusu sentimita, gauni halifungi."

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu.
Majani ya viota tukayachoma, mbali.
Maji yanayotokota tukayamwaga katika kila ufa,
kuku wakitazama kutoka mtini kama majirani.
Jogoo, magamba ya miguu yamemsimama,
nikamwosha kwa maji vuguvugu, nikampaka vaselini,
dizeli nikamrudishia mwenyewe.
Na kabla ya kunyunyiza ule unga mweupe katika mbao kavu
nikavaa barakoa:
mapafu yangu nayo yana nyufa.

Baada ya siku saba tukarudia yote,
maana walioanguliwa jana hawakuwepo kwenye kesi ya juzi.
Mshono wa kwapa hupitishwa mara mbili, nani asiyejua?

Jana usiku kitambaa kimetoka na doa moja.
Moja. Nimekitundika msumarini mlangoni, sikukifua.
Odete wa pili ameingia bandani peke yake,
akazunguka, akanusa ufito, akapanda.
Wengine bado mtini.
Siwalaumu. Nani hurudi upesi
kwenye kitanda kilichokuwa kikimnywa?