Vibaba Vitatu

Afisa alipanda ngazi za mashamba
na mfuko wa plastiki kwapani:
mpunga mfupi, magunia mara mbili.
Tulasa akauliza, na mabua?
Afisa akacheka. Mabua si chakula, mama.

Si chako.
Nyati wangu hasomi maandishi ya mfuko.
Baridi nzima anatafuna mabua,
nami namnywa ndani ya chai.
Mpunga unaoishia magotini
utamshibisha nani?

Wasemao mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali,
hao hawajawahi kupanda.

Shamba la juu limepakana na msitu,
tumbili hushuka kabla ya jogoo:
huko uende wenye ndevu, unaochoma koo,
wakitaka nao wachague.
La katikati maji hulipita mbio, kama mdaiwa.
Hapo mwekundu wa mama mkwe,
mkaidi kinuni,
ila ukiula asubuhi
jua linaelemea milima ya Lamjung
na njaa bado haijapata njia.

La chini, kando ya kijito, matope hadi pajani,
vibaba sita vya ule mweupe wa harufu.
Wa Dasain.
Wa siku Lokendra atakaporudi kutoka Doha.

Miaka mitatu.
Kila mwaka upepo unaulaza,
kila mwaka Tulasa anauinua,
anaufunga fungu kwa fungu kwa nyasi,
kama nywele za mtoto asiyetaka kutulia.
Mama mkwe anatazama, anakohoa,
anarudi ndani.

Mfuko wa afisa hakuutupa.
Aliumwaga pembeni, eneo la mikeka miwili,
nao ukazaa. Lazima aseme kweli, ukazaa.
Wali wake ukipoa ni changarawe,
lakini Falguni ilipofika
debe lilikuwa bado na kitu.

Simu iliita usiku, sauti ikikatika.
Huku tunakula mchele wa magunia,
akasema Lokendra, sijui wa nchi gani.
Umepanda upi mwaka huu?
Yote, akasema. Kama kawaida.

Asubuhi akashuka na ungo kwenye kitalu cha chini.
Akapima mweupe: kimoja, viwili, vitatu.
Akasimama.
Akaufunga mfuko wa mweupe,
akaufungua ule wa plastiki.