Taa ya Trei ya Mayai

Usitupe, nimesema.
Hiyo trei ina vilima thelathini,
na kila kilima ukikipindua ni ua.

Khalfani kasimama mlangoni na mfuko mweusi wa taka
kama mtu wa manispaa.
Miaka thelathini na moja vita ni hivi hivi,
hapa Maabila, nyuma ya duka la magodoro,
naye hajakubali bado
kwamba kabati la chini ya ngazi lina mwenyewe.

Humo mna chupa za labani nilizoziosha mara tatu
na bado zinanuka labani.
Mna vizibo vya buluu vya madumu ya maji,
bakuli za halua, mifuko ya chipsi
niliyoigeuza nje ndani,
maana kumbe ndani ya chipsi mna fedha tupu.
Mna kokwa za tende, kopo zima. Hizo sijui za nini.
Zitajisemea zenyewe.

Kesho kutwa Karankasho, usiku wa nusu ya Ramadhani.
Watoto watapita mlango kwa mlango
wakigonganisha makome, wakidai peremende,
na madukani taa za kubeba zimejaa, za plastiki,
zinaimba zenyewe ukizibonyeza.
Lujaini hakuitaka ya kuimba.
Alitaka, alisema kwa Kiarabu, "inayotengenezwa."

Basi tumekaa chini, mkeka hauonekani kwa vipande.
Gundi ni ya unga wa ngano, nimeipika mwenyewe,
imefanya madonge kidogo.
Lujaini ana miaka saba, saumu yake ni ya mpaka adhuhuri.
Akauliza, kwa Kiarabu tena:
nikiilamba gundi, inafunguza?
Inafunguza, nikamwambia, kisha inafunga:
mdomo hutaufungua mpaka Idi.
Akacheka sehemu ya kwanza tu.

Kiswahili changu anakisikia
kama mtu asikiavyo televisheni ya jirani:
anajua wanagombana, hajui kwa nini.
Nimejaribu hadithi, akasinzia.
Nimejaribu kutomjibu kwa Kiarabu, mama yake akanuna.
Lakini mkasi haungoji tafsiri.
Kunja. Bana hapa. Toboa, taratibu! Haya, pitisha uzi.
Neno likishuka, kidole hulidaka
kabla kichwa hakijauliza.

Trei ikawa maua. Maua yakazunguka chupa
tuliyoikata kiunoni.
Fedha ya chipsi ikawa pindo, likawa linachakarika.
Upande mmoja umelala, kama mtu aliyeteguka nyonga,
tukauacha.

Alasiri akaja Yakdhani wa jirani na trei ya kwao,
sijauliza kaitoa vipi.
Mtoto wa Nizwa kwa baba na kwa mama,
Kiswahili kwake ni kelele za nyumba yetu.
Mimi niko jikoni nakoroga uji,
nikasikia sebuleni:

"Kunja! Si hivyo. Kunja, we!"

Nikaacha mwiko.
Kunja ni yangu, nakubali. Na si hivyo pia ni yangu.
Ile we sikumfundisha mimi.
Ile we ni ya mama yangu, wa Wete,
akinionyesha kushona viua vya kofia,
uzi mdomoni, jicho moja kwangu, jingine kwenye chungu.
Haikuandikwa kwenye pasipoti wakati tunakuja.
Imepitia wapi, sijui. Labda kwenye vidole.

Nilipochungulia, Yakdhani alikuwa anakunja,
ulimi nje, na anakunja sawasawa.

Khalfani karudi magharibi ikikaribia.
Mfuko kautupa.
Begani ana bomba la karatasi ngumu, lile la kuzungushia zulia,
refu kumpita mwenyewe,
na kanzu yake nyeupe ina mstari wa vumbi toka shingoni.
Hakusema kitu.
Kaliegemeza ukutani kando ya kabati,
kaligonga mara moja kusikia linaliaje,
akaenda kutawadha.