Waya wa Ardhi

Zimekuja mbili ndani ya boksi moja,
spika fupi kama matofali ya kuchoma,
amplifaya tumboni, mgongoni tundu la santuri.
Shangazi Mwatime akazipima kwa shubiri:
"Hizi ndizo za kuijaza nyumba?
Au ni za kuwekea chumvi?"

Ya kulia imeshika umeme na vitufe vyote,
ya kushoto hulishwa kwa waya.
"Ehee," akasema, "hata hapa
kuna mwenye nyumba na aliyeolewa."

Tuliondoa rafuni kamusi iliyoliwa na mchwa
na madaftari ya baba, karani wa mkonge:
marobota, tani, tarehe, wino wa bluu.
Spika huku, spika huku,
katikati likabaki gudulia la maua ya plastiki.

Mashine yenyewe ilikaa uvunguni
miaka kumi na tisa, imevishwa kanga.
Sindano mpya ilitoka Dar na basi la usiku,
imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Tukawasha.
Ukaja mngurumo,
jokofu la buchani limehamia sebuleni.

Fundi Semkiwa wa Barabara ya Kumi na Tatu
alifika na bisibisi nyuma ya sikio.
"Waya wa ardhi uko wapi?"
Ulining'inia nyuma, mwembamba
kama uzi wa kushonea kofia.
Nilidhani takataka. Nusura niukate.

"Sauti ya sindano ni mtoto njiti," akasema,
"habebwi na kila mkono.
Bonyeza hapa, spika ijue ni santuri,
imlee kwanza, ndipo alie.
Na mashine iguse ardhi.
Kisichogusa ardhi hakiachi kulalamika."
Akaukaza waya chini ya skrubu.

Kimya,
hata feni ya jirani tukaisikia ikihesabu.

Kisha mikwaruzo, mtu anapepeta mchele mbali.
Kisha fidla.
Kisha mama.

Nilitega sikio spika ya kulia: hayumo.
Ya kushoto: hayumo.
Nikarudi kwenye mkeka, nikamwona kwa masikio,
amesimama katikati, pasipo na spika,
kimo chake kilekile, anavuta pumzi
kabla ya neno ambalo siku zote
alichelewa kidogo kulitamka.

Shangazi, aliyesema Ngamiani nzima ikasikia,
"Mke gani huyu, anaimba mbele za watu,"
shangazi ambaye harusini kwao alikaa jikoni
mpaka pilau ikapoa,
aliinuka akishika goti.
"Toeni gudulia hili," akasema. "Linamziba."
Akalitoa mwenyewe,
akaketi nalo mapajani,
maua ya plastiki yakimgusa kidevu.

Upande ukaisha. Sindano ikabaki
tk, tk, tk, ukingoni mwa karatasi nyekundu.
Fundi alikuwa ameshaaga, hakuondoka.

Shangazi akafuta vumbi kwenye ua moja,
kisha jingine.
"Upande wa pili," akauliza,
"aliimba nini?"