Waraka kwa Kundi la Sabini na Saba

Mlinichagua karani kwa sababu moja tu:
mwandiko wangu ulisomeka.
Sasa vidole vimepinda kama tangawizi,
na hakuna aliyejitolea kunipokea kalamu,
basi someni hivyohivyo.

Hapa Mbale mvua ya mawe imepiga bati tangu saa tisa.
Stima imekwenda.
Majani chai shambani yametoboka
kama zile stensili zetu za mtihani.
Naandikia mwanga wa taa ya sola.

Zablon Shitandi amestaafu mara ya pili.
Mara ya kwanza serikali ilimuaga, kwa keki na blanketi;
mara ya pili shule ya kibinafsi ya Luanda
ikamwaga tu.
Mkewe anasema bado anaamka saa kumi na moja,
anapiga shati pasi, anafunga tai,
anakaa sebuleni akisubiri kengele.
Amenunua ng'ombe, akamwita Mkaguzi:
anakula vizuri, maziwa hatoi.

Dorsila Kemunto, faili lake limeonekana!
Lililaliwa na faili la marehemu wa jina lilelile,
na kwa miaka minne Dorsila alihesabiwa maiti
huku akipalilia ndizi zake Nyamira.
Ilibidi chifu aandike, kwa muhuri,
kwamba mama huyu anapumua.
Pensheni imeingia. Barua ya chifu
ameitia fremu, ameitundika juu ya televisheni.

Na Peresi Awiti amerudi Kisumu kutoka Kanada,
miezi mitatu kwa bintiye.
Mjukuu, ambaye walijuana kwa simu tu,
alimzunguka Dani wake mara mbili pale uwanjani
akitafuta ukingo wa kioo.
Halafu akamshika sikio. Lina joto, akasema.
Peresi alitufungia theluji kwenye chupa ya chai.
Askari wa mizigo akasema hayo ni maji.
Mwalimu wa sayansi akasimama hapo nusu saa,
foleni nzima nyuma yake,
akimfundisha hali tatu za maada.
Wakaimwaga.
Chupa ameniletea. Nimeinusa. Inanuka chai.

Kimaru amewekwa goti la chuma huko Eldoret,
yeye aliyetuacha sote mbio za nyika.
Anasema likipata kutu atanijulisha.

Mimi? Mimi nipo. Kuku kumi na saba,
mtoto mmoja Nakuru ambaye hapigi, mwingine anapiga kupita kiasi.

Nilikuwa nifunge barua hapa.

Lakini Habil Lumbasi hakuandika mwaka huu.
Aliandika mwanawe, kwenye karatasi ya daftari,
mia mbili za mchango zimekunjwa ndani.
Mzee hatujui tena, anasema.
Mama anamwita muuguzi. Mlango wa choo unampotea.
Ila jioni, wakipakua ugali,
ananyooka kitini na kuita majina
kwa mpangilio wa meza ya sita, bwalo la chuo:
Shitandi. Awiti. Kemunto.
Okwemba, ambaye tulimzika, yeye anamwandika mtoro.
Kisha anaita, Kavaya.
Na hapo, anasema kijana, baba ananyamaza,
anainua kidole,
chakula kinapoa.
Samahani kwa kuuliza, Kavaya ni nani?

Nimesoma barua hiyo jikoni, nimesimama,
maziwa yakafurika nisiyaone.

Jumanne naenda Kimilili.
Sitabeba picha, wala yale maswali
ya unanikumbuka, unanikumbuka, kama mtihani wa ghafla.
Nitaketi kushoto kwake, ndipo nilipokuwa nikiketi.
Akifika kwangu, nitaitika.

Mchango bado ni mia mbili.
Shitandi, una deni la miaka miwili. Uza Mkaguzi.